Lita Moja Inalea Watu Wangapi? Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati na Waziri wa Fedha

Kilosa, Morogoro
Jumatano ya kwanza ya mwezi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
na waheshimiwa wabunge mnaopitisha Sheria ya Fedha kila mwezi wa sita.

YAH: UTEGEMEZI WA MAFUTA, WETU NA WENU

Waheshimiwa,

Mimi ni msaga nafaka. Nina mashine ya kukoboa na ya kusaga chini ya banda la mabati, nje kidogo ya mji wa Kilosa, na unga umeshaingia kwenye simu ninayoandikia, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe. Leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi. EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wametoa bei kikomo, na kabla sijapiga mswaki kijana wa bodaboda anayeniletea dizeli alikuwa ameshanipigia: "Shikamoo mzee, umeona jedwali?" Hapa kwetu hakuna anayefuatilia pipa linauzwaje London. Lakini Jumatano ya kwanza tunaijua kama tunavyoijua siku ya mnada.

Kwa miaka sasa nausikia mjadala wa mafuta redioni. Wapo wanaosema mafuta yanaiunguza dunia, tuyaache. Wapo wanaowajibu kwamba bila mafuta hata hiyo redio wanayosemea isingetufikia. Pande zote mbili zinamjadili mwananchi: apike kwa gesi, apande treni, abadilike, au aachwe alivyo. Nawasikiliza huku nakaza mkanda wa mashine, na kila mara naona kuna mlaji mmoja wa mafuta hatajwi kabisa. Ni Hazina. Barua hii inamhusu huyo.

Ila nianze kwa kuyapa mafuta haki yake, maana sitaki mnidhanie ni mtu wa warsha.

Mwaka 1986 baba yangu alinunua injini ya dizeli ya silinda moja, ile ambayo huku kila mtu huiita Lista hata kama imetengenezwa India. Kabla yake mama na dada zangu walikuwa wakitwanga. Anayekijua kinu kwa kukiona kwenye banda la maonyesho hawezi kuelewa ninachosema. Debe moja la mahindi, kukoboa, kuloweka, kuanika, kutwanga, kuchekecha, lilikuwa linakula siku nzima na kubakiza deni kesho yake. Viganja vya mama vilikuwa vigumu kama soli. Injini ikaja na lori, ikashushwa kwa magogo na kamba, ikafungwa kwenye zege, pembeni yake pipa la maji ya kuipooza. Kuiwasha asubuhi ya mwezi wa saba kulitaka watu wawili: mmoja anazungusha hendeli, mwingine ameshikilia kile kijiti cha juu mpaka gurudumu lishike kasi, ndipo anakiachia. Ikikubali, ilipiga tuku-tuku-tuku hadi ng'ambo ya mto. Wanawake wa ng'ambo hawakuwa na haja ya kuuliza kama mashine inafanya kazi. Walisikiliza. Wakikuta kimya, hawakujitwisha.

Siku moja nilikaa nikapiga hesabu, nikisaidiwa na mwanangu aliyesoma fizikia. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Injini kama ya baba inapoteza sehemu kubwa kwa joto na moshi, inayofika kwenye mkanda ni kama 3 hivi. Mwanaume mwenye afya akilima au akibeba mizigo kutwa nzima anatoa karibu nusu kilowati-saa. Maana yake lita moja, chupa unayoweza kuibeba kwa vidole viwili, ni kibarua wa siku tano au sita, na hapo hatujamlisha. Hakuna mtu duniani aliyewahi kukubali ujira mdogo namna hiyo. Ndiyo maana kila nchi iliyoonja mafuta iliyakumbatia, na sisi hatukuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Na hayaishii kwenye injini. Lami ya barabara kuu ya kwenda Iringa ni mabaki ya kusafishia mafuta. Dumu la lita 20 lililomtua mama mtungi wa udongo limetokana na mafuta. Turubai tunaloanikia mpunga, ndoo, kandambili, mshumaa, mafuta ya mgando anayopakwa mtoto baada ya kuogeshwa, mpira wa dripu hospitalini, vyote ni ukoo mmoja. Kiswahili chenyewe kimekubali: mafuta ya kula, mafuta ya taa, mafuta ya kupaka, mafuta ya gari, neno ni lile lile. Kituo cha mafuta tunakiita sheli hata kama bango lake lina jina jingine kabisa. Na kuchakachua je? Neno lilikaa kwenye matangi, petroli ikichanganywa na mafuta ya taa. Uchaguzi wa 2010 ukalibeba ukalipeleka kwenye masanduku ya kura, na sasa mtoto wa darasa la nne anamwambia mwenzake amechakachua daftari la hesabu.

Nieleze na usiku mmoja.

Ilikuwa masika, miaka michache iliyopita. Mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Gari la wagonjwa lilikuwepo, zima kabisa, matairi mapya. Tangini hamkuwa na kitu. Sitataja ni gari la wapi, na simlaumu dereva, ambaye alisimama pale na funguo mkononi akiona aibu kuliko sisi. Sheli ilikuwa imeshafungwa. Nikarudi bandani na tochi, nikachomoa mpira chini ya tangi la Lista, nikakinga dumu. Nakumbuka ule mlio: kwanza mkali, kama mkojo wa ng'ombe kwenye bati, halafu unazama kadiri dumu linavyojaa. Zilitoka lita 11. Mume wa mgonjwa alikuwa ameinama ananimulikia, hasemi neno, anaziangalia kama mtu anayeangalia damu inayochangwa. Gari likaondoka kwenye tope. Mama yuko hai na mtoto yuko hai. Huyo mtoto huja hapa na bibi yake, anacheza na pumba mpaka anakuwa mweupe kama mzuka. Kesho yake mashine haikulia, na wanawake wa ng'ambo hawakuja.

Kwa hiyo mtu akiniambia mafuta ni laana nitamsikiliza, ila atasubiri kwanza nimalize kusimulia.

Na upande wa pili pia naujua, kwa sababu Morogoro ndipo mkoa wangu. Tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, Idd ikiwa mlangoni, lori la petroli lilianguka Msamvu. Watu wakakimbilia na madumu, na chupa, na sufuria. Likalipuka. Waliokufa walipita 100. Wiki ile nzima nilisikia watu wa mjini wakisema ni tamaa. Labda. Lakini ukiishi mahali ambapo lita moja inameza sehemu kubwa ya ujira wako wa siku, halafu ukaiona inatiririka mtaroni bila mwenyewe, hilo neno tamaa ni la mtu aliyeshiba.

Kuhusu tunavyoyategemea sitasema sana, mnajua kuliko mimi. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kilijengwa mwaka 1966, kikaacha kusafisha mafuta mwaka 1999, na leo kilichobaki ni matangi. Kila lita inayoingia kwenye bodaboda ya Kilosa imeshuka melini. Ndiyo maana vita ya Waarabu na Israeli mwaka 1973 ilipopandisha pipa kutoka dola kama 3 hadi karibu 12 kwa miezi michache, iliyotetemeka ni bajeti ya Dar es Salaam. Mwaka 1979 likaja pigo jingine la bei, tukiwa tumetoka kupigana Kagera. Baba alikuwa akitusimulia jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na jinsi alivyowahi kutembea na dumu tupu begani kutafuta kibali cha dizeli. Mwaka 2022 Urusi ikaingia Ukraine, sisi huku petroli ikavuka Sh3,000, mkatoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kuanzia Juni. Kwa ruzuku ile nashukuru, na sisemi kwa kejeli. Mwezi ule sikupandisha bei ya debe.

Sasa tuje kwenu.

Mtu akinunua lita sheli, anadhani amelipa mafuta na faida ya mwenye sheli. Kumbe ndani ya lita hiyo kuna foleni ya watu waliokinga mikono. Yupo Mfuko wa Barabara, ambao chakula chake kikuu ni tozo ya mafuta. Yupo REA, wa umeme vijijini. Upo Mfuko wa Maji wa Taifa, na Sh50 zake kwa lita. Mwaka 2021 mkaongeza Sh100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Mwaka 2023 mkaongeza Sh100 nyingine, safari hii kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Ushuru wa bidhaa nao haujaenda likizo. Kila penye shimo bungeni mwezi wa sita, kuna anayekumbuka lita.

Naelewa kwa nini. Kumfuata kila mwenye genge na kila fundi cherehani umtoze kodi ni kazi ya miaka. Meli ya mafuta ni moja, gati linajulikana, mita ipo, na hakuna Mtanzania anayeweza kuishi wiki bila kuguswa na mafuta, hata anayetembea kwa miguu, maana chumvi anayokula imekuja na lori. Mimi pia, mngenikalisha kwenye kiti hicho, pengine ningefanya hivyo hivyo. Ila ningejua nimejifunga kamba gani shingoni.

Tazameni nguzo ya umeme iliyo nje ya banda langu. Ilisimikwa na mradi wa REA. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye dizeli niliyoichoma mimi, na baba, na kila mwenye mashine na kila mwenye bodaboda. Umeme ulipofika nililipa zile Sh27,000 za kuunganishiwa nyumbani, baadaye nikahangaika miezi kupata umeme wa njia tatu, nikanunua mota, nikafunga mashine ya kusaga kwenye umeme. Kelele zikaisha. Wanawake wa ng'ambo sasa inabidi wanipigie simu, kwa sababu mota haisikiki. Na siku ile ile nilipoipumzisha Lista, niliacha kuchangia barabara inayopita mbele ya banda. Niliacha kuchangia kisima. Hakuna aliyenifuata kuniuliza, na mimi sikujipeleka. Kwenye risiti yangu ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, naona VAT, naona asilimia 3 ya REA, naona asilimia 1 ya EWURA. Barabara siioni. Maji siyaoni.

Huyo ni msagaji mmoja. Hesabuni sasa bajaji zinazohamia gesi asilia Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi ya Mbagala yanayotumia gesi, pikipiki za umeme zilizoanza kuonekana mijini, na treni ya umeme ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria wa Dar na Morogoro Juni 2024 na kuzinduliwa rasmi hadi Dodoma mwezi wa nane. Inapita hapa Kilosa, tunaiona. Watoto wanaifahamu kwa ukimya wake, kama mota yangu. Kila abiria anayeipanda ni abiria aliyeshuka kwenye basi la dizeli, na kila basi linaloegeshwa ni tozo isiyokusanywa. Mafanikio yenu mnayoyatangaza jukwaani yanatoboa mfuko ule ule unaotengeneza barabara ya kufikia jukwaa.

Mwenye kilabu cha pombe anaweza kuwahubiria wateja waache kunywa. Wateja watamuuliza swali moja tu: ukishafunga kilabu, utafungua duka gani? Hilo ndilo swali langu, na katika hotuba zote za bajeti nilizozisikiliza tangu nipate redio ya betri sijawahi kulisikia likijibiwa. Lita zikipungua kwa robo, barabara ya Kilosa inatengenezwa kwa fedha gani?

Msipolijibu, mtatufanya tuwatilie shaka hata pale mnapofanya vizuri. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na inazalisha umeme tangu 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar lilikamilika 2015. Hii ni gesi yetu, hailetwi na meli, haiulizi vita iko wapi. Lakini madereva wa bajaji Dar es Salaam wamekuwa wakilala kwenye foleni za vituo vya kujazia gesi, wamejikunja kwenye kiti cha nyuma na miguu nje. Vituo vimeanza kuongezeka, nimesikia, na ni jambo jema. Sisemi mmechelewesha makusudi. Nasema hivi: mtu anayepoteza mapato kila gari linapohama petroli, msishangae asipokuwa na haraka ya kujenga kituo cha pili.

Na mabadiliko yakija bila kutuambia, tunajua nani analipa. Mwaka 2011 mlipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwanyima wachakachuaji faida. Hoja ilikuwa ya haki, magari ya watu yalikuwa yanakufa. Lakini mafuta ya taa hayakuwa ya wachakachuaji peke yao. Bibi wa hapa kijijini, ambaye maisha yake yote alinunua kibaba kimoja cha kuwashia kibatari, aliamka akakuta kibaba kimepanda, na hakuwa amechakachua kitu. Tulikaa gizani mpaka tochi za Kichina na taa za sola ziliposhuka bei. Hakuna waziri aliyetuletea hizo. Zililetwa na wamachinga.

Sasa mmekuja na nishati safi ya kupikia, mkakati wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwisho wake. Nauunga mkono kwa macho ya mama yangu, yaliyoharibika kwa moshi. Lakini tuambiane ukweli kuhusu mtungi. Gesi ya mtungi si ile ya Songo Songo. Inakuja na meli kama petroli, inatoka kwenye visima na viwanda vile vile vya ng'ambo, inapanda bei kwa vita zile zile. Tunamtoa mama porini kwenye kuni tunampeleka Ghuba ya Uajemi. Hapa kwetu mitungi ya kilo 6 iligawiwa kwa shangwe, fulana na wimbo. Mmoja wapo upo bandani kwangu. Mwenyewe aliutumia mwezi na siku kadhaa, ukaisha, akaona hela ya kujaza tena ni hela ya sare ya mtoto, akauleta nimtunzie. Wateja wanaukalia wakisubiri zamu. Una urefu mzuri kwa kukalia.

Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, nalo naomba mtupunguzie ahadi. Kilomita 1,443, nyingi zikiwa upande wetu, na inabidi lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yakipoa yanaganda kama nta. Ni kazi kubwa ya kihandisi na vijana wetu wamepata ajira, sina ugomvi nalo. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulipinga mwezi Septemba 2022, hata mimi nilikasirika. Waliofika mjini kwa gari hawana adabu ya kutuambia sisi tutembee. Lakini hasira ile isitufanye tudanganyane wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya bomba ni mafuta ghafi, mwisho wake ni meli, na hakuna bajaji ya Tanga itakayoyanywa. Watu huniuliza hapa bandani, "Bomba likikamilika dizeli itashuka?" Inabidi mimi msaga unga ndiye niwaeleze. Wazee wa Morogoro wanalijua hilo tangu 1968. Bomba la mafuta la TAZAMA linapita ndani ya mkoa wetu, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, lilijengwa kuwaokoa ndugu zetu wa Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965. Tuliona fahari na bado tunaona. Chini ya miguu yetu yamepita mafuta zaidi ya miaka 50, na Lista ya baba ilikuwa ikinyweshwa kwa dumu begani.

Mtaniuliza, wewe mwenye mota, bado dizeli ya nini? Ya mwaka 2023. Mwisho wa mwaka ule mgao ulitukalia, umeme ukawa unakuja usiku wakati wateja wamelala. Mota ikawa pambo. Nilimwita kijana, tukapangusa Lista vumbi, tukabadilisha oili, akazungusha hendeli, mimi nikashika kijiti. Ilikataa mara tatu. Ya nne ikapiga, na nawaambia kweli, kabla ya saa moja kupita wanawake wa ng'ambo walikuwa wanavuka mto na magunia kichwani bila kupigiwa simu. Mwaka uliofuata Bwawa la Nyerere lilianza kuzalisha, na kwa megawati 2,115 hali imekuwa nafuu sana, sina budi kusema. Lakini Lista sijaiuza. Kila Jumamosi naizungusha kidogo isishike kutu. Mkitaka kujua kama wananchi wanauamini umeme wenu, msiangalie idadi ya vijiji vilivyounganishwa, ingawa kufikia karibu vijiji vyote 12,318 vya Bara si kazi ya kubeza. Hesabuni injini za dizeli ambazo wenyewe wamekataa kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ninachoomba si kikubwa. Risiti ya LUKU inaniambia kila senti imekwenda wapi. Risiti ya sheli na iseme vivyo hivyo: katika lita hii, barabara kiasi hiki, maji kiasi hiki, umeme vijijini kiasi hiki. Najua mchanganuo upo kwenye makaratasi ya EWURA kwa anayejua kuutafuta, lakini dereva wa bodaboda hasomi makaratasi ya EWURA, anasoma kile alichopewa mkononi. Akishajua analipia barabara, atauliza barabara iko wapi, na hapo ndipo penye ugumu, naelewa.

Halafu mtueleze mapema jinsi mtakavyoishi lita zikipungua. Kama mtaamua gari zito lilipe kwa uzito na kilomita, semeni. Kama pikipiki ya umeme itakuja kulipa barabara, semeni itaanza lini na kiasi gani, ili kijana anayekopa leo kuinunua ajue, asije akaamka Julai mosi akakuta mmemkinga njiani kama mlivyomkinga yule bibi wa kibatari. Mimi mwenye mota niko tayari kulipa changu cha barabara. Natembea juu yake. Nataka tu kiandikwe jina lake, na kiende huko kilikoandikiwa.

Na la mwisho nalitoa moyoni. Katika tozo zote mlizoweka kwenye lita, za barabara, za umeme, za maji, za miradi, sijasikia hata shilingi moja ya kujaza tangi la gari la wagonjwa la kijijini. Lita 11 za usiku ule niliwahi kuzilipia tozo zote hizo. Zilikuwa zimeshachangia barabara ambayo gari lilipita, na nguzo, na kisima. Wekeni shilingi tano. Wekeni hata mbili.

Ningeendelea, lakini kijana wa bodaboda amefika na anapiga honi. Ameleta dumu la dizeli kwa bei mpya. Naishia hapa nikalipime mwenyewe, maana ana tabia ya kuleta lita 19 akisema ni 20.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaga nafaka,
Kilosa.

Nakala: Mbunge wangu, ambaye namba yangu anayo tangu kampeni.